Safari ya Peru na watoto: mtoto akilegea Cusco, msingoje kukuche

Kwenye kliniki ya chanjo za wasafiri, wazazi wanaokwenda Peru huniuliza sana kuhusu mbu na maji ya kunywa. Mwinuko hawauulizi. Wakirudi ndipo nasikia: mtoto alitapika usiku kucha Cusco, mji wa milimani, nao wakangoja kukuche.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?
Ni mwili kupungukiwa oksijeni kwa kupanda juu haraka kuliko unavyoweza kuzoea. Huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi. Lima iko pwani, Cusco iko mita 3,400, na ndege haichukui hata saa mbili. Mwinuko huo unakaribia kibanda cha Horombo pale Kilimanjaro, ambako wapandaji hufika siku ya pili kwa miguu, pole pole. Dalili ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika na kukosa usingizi, na mara nyingi huanza siku ileile ya kufika au usiku wake.

Na mtoto asiyejua kusema?
Atalia asibembelezeke, atakataa kunyonya, hatacheza. Mkiwa Cusco na mtoto yuko hivyo, hesabuni kwamba ni mwinuko mpaka daktari aseme vingine.

Si huenda amechoka tu na safari?
Neno hilo ndilo linalochelewesha watoto. Mtoto aliyechoka hulala, akaamka, akadai chakula. Anayezidi kulegea saa baada ya saa hajachoka, anaumwa. Asipande juu zaidi, na dalili zikizidi mshusheni. Mkiona anahema ametulia tu, anakohoa mfululizo, midomo imekuwa ya bluu, anayumba akitembea, anaropoka au haamki vizuri, hapo mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba. Shukeni usiku huohuo na mumfikishe hospitali. Msiseme tiketi za Machu Picchu, yale magofu ya kale, ni za kesho, msiseme tuone asubuhi.

Chai ya koka ya hotelini haisaidii?
Wazee wa milima ya Andes wameinywa tangu enzi na enzi, ni desturi yao. Mtoto asipewe. Haiondoi maji kwenye mapafu.

Oksijeni je?
Nzuri, mpeni huku gari likitafutwa. Akipata nafuu, bado mnashuka.

Tumpe piritoni apate usingizi?
Hapana. Nawaomba sana, hapana. Dawa inayolaza inaficha dalili, na baadhi ya dawa za usingizi hupunguza upumuaji. Hamtajua kama amelala au amepoteza fahamu. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inaruhusiwa kwa maumivu ya kichwa, lakini isiwe sababu ya kubaki juu.

Tupange vipi basi?
Machu Picchu iko mita 2,430, chini ya Cusco, jambo ambalo wengi hawalijui. Mkitua Cusco, siku hiyohiyo shukeni Urubamba au Ollantaytambo, chini kidogo ya mita 2,900. Laleni huko siku mbili tatu, nendeni Machu Picchu kwa treni, Cusco iwe ya mwisho. Mji wa Puno, wenye mita 3,800, uacheni kama mna mtoto mchanga. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu asikatiwe tiketi kabla daktari wake hajakubali. Mkiongeza msitu wa Amazon, chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, angalau siku 10 kabla ya safari.

Ameshuka, amechangamka. Turudi juu?
Kama ilikuwa kichwa na kutapika tu, ngojeni apone kabisa, kisha pandeni taratibu. Kama alihema, aliyumba au hakuamka vizuri, safari ya juu imekwisha kwake. Abaki chini na mzazi mmoja.