Mwalimu, lete mkataba kwanza, hesabu ya pauni tutaipiga pamoja

Tangu Kazi Majuu, kampeni ya serikali ya kuwatafutia Wakenya kazi ng'ambo, ianze kuvuma, walimu wamekuwa kundi kubwa miongoni mwa wanaofika kwenye dawati langu hapa Nairobi wakiwa na karatasi za kazi za ng'ambo. Wanakuja walimu wa BOM (walioajiriwa na bodi ya shule, si serikali) waliochoka kulipwa kwa karo isiyofika, wanagenzi wa Sekondari Msingi walioandikwa kwa posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato, na hata manaibu wa walimu wakuu waliokaa kazini miaka 15. Karibu wote huanza kwa kunionyesha simu. Kwenye simu kuna tarakimu moja, tayari imezidishwa kwa bei ya pauni, dola au dirham. Nikiuliza mkataba uko wapi, jibu ni lile lile: "Madam, uko kwa ajenti."

Mimi ni afisa wa leba. Kazi yangu si kumzuia mwalimu asisafiri, na yeyote anayesema ofisi zetu zinazuia watu hajawahi kuingia ndani. Lakini ninaona makosa yale yale yakirudiwa na watu wenye digrii, watu wanaosahihisha makosa ya wengine kila siku, na baadhi yao nimewaona tena baada ya miezi 8 wakiwa hawana kazi huku wala kule.

Mshahara unaotajwa zaidi ni wa Uingereza, basi tuuchukue huo. Katika shule za umma za England (Scotland na Wales wana taratibu zao), ngazi ya kwanza ya mwalimu aliyehitimu kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni pauni 32,916 kwa mwaka nje ya London, na pauni 40,317 katikati ya London. Watu huchukua hiyo ya pili, wakaigawanya kwa 12, wakapata karibu pauni 3,360 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 170 kwa pauni, ambacho natumia kwa mfano tu, hiyo ni zaidi ya shilingi 570,000. Wengi husimama hapo, na wengine huanza kutafuta mnunuzi wa ploti siku hiyo hiyo.

Hizo shilingi 570,000 hakuna mwalimu anayezishika. Kwa mshahara huo, kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kila pauni iliyo juu ya 12,570. Bima ya taifa ni asilimia 8 ya sehemu hiyo hiyo. Mchango wa pensheni ya walimu ni karibu asilimia 9 ya mshahara wote, nao hautozwi kodi ya mapato. Kinachoingia benki ni karibu pauni 2,480. Chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana London mara nyingi hukaribia pauni 1,000 kwa mwezi, na tikiti ya mwezi ya usafiri kwa kanda ya 1 na ya 2 inapita pauni 160. Umebaki na kama pauni 1,300, na bado hujala, hujalipa umeme, hujatuma kitu nyumbani. Sisemi ni pesa kidogo. Kwa wengi ni zaidi ya wanachopata hapa, na aliyejipanga huweka akiba. Ninachokataa ni kuchukua mshahara wa huko kabla ya makato na kuulinganisha na wa hapa baada ya makato. Hapa kwetu PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya) na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba huondoka kabla hujaona shilingi, na hakuna mwalimu anayepanga matumizi ya nyumba yake kwa tarakimu ya juu kwenye hati ya mshahara. Kwa nini basi afanye hivyo kwa London?

Kuna gharama nyingine ambayo ajenti haitaji kwa sababu haimhusu. Mwalimu anayeomba viza ya kazi ya Uingereza hulipa ada ya huduma za afya: pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza, na yote hulipwa mapema, kwa mkupuo. Baba, mama na watoto wawili kwa viza ya miaka 3 ni pauni 10,866. Kwa kiwango kile kile cha 170, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.8, kabla ya ada ya viza yenyewe na nauli ya ndege. Kuna shule zinazomlipia mwalimu sehemu ya gharama hizi na kuna zisizolipa. Liulize kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Kuhusu wingi wa kazi, walimu wa mitaa ya Eastlands hapa Nairobi waliozoea darasa la wanafunzi 60 huniambia kwamba darasa la 30 litakuwa mapumziko. Mkataba wa kawaida wa mwalimu England unahesabu saa 1,265 ambazo mwalimu anaweza kupangiwa kazi, katika siku 195 za mwaka, na angalau asilimia 10 ya muda wake wa kufundisha lazima itengwe kwa kuandaa masomo na kusahihisha. Ukisoma hapo tu utafurahi. Endelea na sentensi zinazofuata: mwalimu anatakiwa pia kufanya saa za ziada zinazofaa ili kukamilisha majukumu yake, na hizo hazina idadi. Waliorudi likizo wananieleza kuhusu kusahihisha hadi usiku, ripoti ya kila mtoto, na barua pepe za wazazi zinazotaka jibu. Wanachokitaja zaidi ni nidhamu. Kiboko kilipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2001, lakini sote tunajua bado kuna shule ambamo kinachungulia nyuma ya kabati. Huko ukiinua mkono tu, kazi imekwisha, na huenda polisi wakaitwa. Mwalimu ambaye heshima ya darasa lake ilitegemea kiboko ajifunze njia nyingine kabla ya kupanda ndege.

Ghuba wanavutia kwa sababu mshahara hautozwi kodi ya mapato. Hiyo ni kweli. Tazama sasa jinsi mshahara ulivyogawanywa. Katika Falme za Kiarabu sheria inampa mfanyakazi aliyemaliza angalau mwaka mmoja malipo ya kumaliza kazi: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Ni mshahara wa msingi tu, marupurupu hayahesabiwi. Mkataba wa dirham 8,000 unaoonyesha msingi wa 4,000 utakupa dirham 5,600 baada ya miaka 2. Kama zote 8,000 zingekuwa msingi, ungepata 11,200. Ni shule ile ile na vipindi vile vile, tofauti ni mstari mmoja kwenye karatasi. Sheria ya huko pia inamkataza mwajiri kukaa na pasipoti yako au kukutoza gharama za kukuajiri, kwa hiyo kifungu chochote kinachosema kinyume kilete tukione.

Marekani nitapita haraka. Viza ya mwalimu wa mabadilishano, J-1, inahitaji digrii na angalau miaka 2 ya kufundisha, hutolewa kwanza kwa hadi miaka 3 na inaweza kuongezwa kwa jumla isiyozidi 5. Si uhamiaji wa kudumu. Kila jimbo lina leseni yake ya ualimu. Walimu wa Kiswahili wanaouliza kuhusu programu ya Fulbright ya walimu wa lugha wajue kwamba ni mwaka mmoja wa masomo, kisha unarudi.

Uchina nitasema wazi. Kufundisha Kiingereza kwa viza ya masomo, ya utalii au ya biashara, bila kibali cha kazi, ni kosa. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unazuiliwa siku 5 hadi 15. "Wengi wanafanya hivyo" si kibali.

Sasa nije kwenye mkataba, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila siku. Vifungu vya 83 hadi 86 vya Sheria ya Ajira ya 2007 vinahusu mikataba ya kazi ya nje ya nchi. Mkataba huo lazima uwe kwa maandishi katika fomu iliyowekwa, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Watu hudhani kuthibitisha ni kugonga muhuri. Sheria inanikataza kuuthibitisha mpaka niridhike kwamba umekubali kwa hiari yako, bila kulaghaiwa wala kushurutishwa; kwamba masharti yanalingana na sheria na umeyaelewa; kwamba uchunguzi wa afya umeonyesha unafaa kwa kazi hiyo; na kwamba hufungwi na mkataba mwingine wa kazi kwa kipindi hicho hicho. Mwajiri asiye na makao wala biashara Kenya anatakiwa kuweka dhamana, na wadhamini wawe wakaazi wa hapa. Kwa hiyo nikikuuliza maswali kwa dakika 40, usiangalie saa. Nikikuuliza utafundisha vipindi vingapi kwa wiki na hujui, nitakurudisha ukaulize.

Kifungu cha 86 kinamhusu anayekusafirisha. Anayemshawishi mtu aende kufanya kazi nje bila mkataba huo kukamilishwa kisheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Ikibainika ni ulanguzi wa binadamu, Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Nataja adhabu hizi kwa sababu Wakenya, wenye digrii wakiwemo, wameahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, katika kambi za utapeli wa mtandaoni. Orodha ya mawakala wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na kuisoma ni bure. Tafuta jina la kampuni, angalia leseni inaisha lini, na ukilipa chochote upewe risiti ya kampuni hiyo. Pesa iliyotumwa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi ni vigumu mno kwetu kuifuatilia. Kwa Uingereza, orodha ya waajiri wanaoruhusiwa kudhamini wageni imechapishwa na serikali yao, na mwajiri haruhusiwi kukuuzia cheti cha udhamini.

Limebaki la walimu walioajiriwa na TSC, yaani Tume ya Kuajiri Walimu, na hapa naomba radhi kwa ukali wangu. Acheni kutoroka kazi. Kukosa kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa kunahesabiwa kuwa kutoroka. Barua ya kusimamishwa inatoka, unapewa siku 21 kujitetea kwa maandishi, na asiyejibu kesi yake husikizwa bila yeye. Anayedhani hilo halimhusu kwa kuwa yuko mbali hajasoma masharti ya huko aendako: England humtaka anayeomba hadhi ya mwalimu aliyehitimu alete barua ya msimamizi wa walimu wa nchi yake kuthibitisha kwamba anatambuliwa kama mwalimu. Barua hiyo itaombwa kwa TSC ile ile uliyoitoroka.

Walimu huniuliza, na ni swali la haki: nijiuzulu kabla sijapata viza? Hapana. Ninachoangalia ni tarehe. Mkataba wa ng'ambo uanze baada ya notisi yako kuisha, au baada ya likizo isiyo na malipo uliyoidhinishiwa kuanza. Mwombe mwajiri mpya tarehe inayokutosha, kisha toa notisi viza ikishatoka. Mwajiri wa kweli hukubali, kwa sababu naye analetewa walimu wenye notisi kila mwaka.

Kabla ya hapo pita kwenye Sacco yako. Mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara hautakatwa tena ukiondoka, na wadhamini wako, ambao wengi ni walimu wenzako wa staffroom moja, ndio watakaoanza kukatwa. Andikiana na Sacco jinsi utakavyolipa kutoka huko.

Mkataba ukithibitishwa, toa nakala mbili. Moja beba, nyingine mwachie mtu wa nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti, jina na anwani ya shule, na namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo. Familia ikija kwetu bila karatasi hizo hatuna pa kuanzia. Hatujui mwajiri ni nani, mji ni upi, wala mkataba unaisha lini.