Kwa nini bado nampigia mama kwanza?

Nina miaka 27, niko Kasese, na nimechumbiwa mwaka huu. Boda boda iliponiangusha, simu ya kwanza nilimpigia mama. Mchumba amenuna. Je, ina maana simpendi?

Pole kwa ajali. Kumpenda unampenda, ila moyo hauhami kwa siku moja kama mtu anayehamisha godoro. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver, walieleza kuwa mapenzi ya watu wazima yanafuata njia ileile inayomfunga mtoto kwa mlezi wake. Mfungamano huo una kazi kadhaa, na kazi hizo hazihami pamoja.

Ya kwanza kuhama ni hamu ya kuwa karibu: kumwona, kukaa naye, kusikia sauti yake. Hiyo huja ndani ya wiki chache tu. Baadaye anakuwa kimbilio, yule unayemtafuta ukiumwa au ukifiwa. Mwisho kabisa anakuwa nguzo: unathubutu kufungua duka, au kwenda kutafuta kazi Juba, kwa sababu unajua yupo. Hapo ndipo hata mkitengana kwa muda mwili wenyewe hulalamika, usingizi ukakatika na chakula kikakosa ladha.

Wewe uko njiani. Hukadiriwa kuwa safari yote huchukua kama miaka 2, na wengine huchelewa zaidi. Mweleze mwenzako hivyo, kabla hajaanza kuhesabu simu.

Haya si mambo ya Wazungu?

Msingi wake mmoja uliwekwa hapahapa Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kuwa mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa akaenda mbali, akashikashika vitu, kisha akageuka kuhakikisha kwamba mama bado yupo. Mtu mzima hufanya vivyo hivyo, ila yeye hugeukia simu. Na kwa kuwa wengi wetu tumelelewa na jaja, yaani bibi, au shangazi, huenda huyo wa kwanza kwako si mama aliyekuzaa.

Mama mkwe anasema nimemnyang'anya mwanawe. Nifanyeje?

Usimcheke. Kuna kitu kimempungua kweli: alikuwa wa kwanza kupewa habari, sasa anazisikia kwa majirani. Lakini hajafutwa, ameshuka ngazi moja tu. Watu wazima wengi hubaki wamefungamana na wazazi wao maisha yote, na hilo halimpunguzii mke chochote. Nionavyo mimi, anayepaswa kuzungumza na mama ni mwanawe mwenyewe. Ukienda wewe, hata maneno matamu yatasikika kama ushindi.

Tuna miaka mitano ya ndoa. Akipiga simu, moyo haurukiruki tena. Mapenzi yameisha?

La. Msisimko wa mwanzo hupoa kwa karibu kila mtu. Jiulize swali jingine: akisafiri siku tatu, nyumba inakuwaje? Kama unaamka usiku na kupapasa upande wake wa kitanda, mfungamano upo, tena umekomaa.

Akichelewa kujibu ujumbe natetemeka. Niliwahi kuachwa.

Mwili wako unakumbuka. Woga wa namna hii unaweza kupungua polepole ukiwa na mtu ambaye leo na kesho ni yuleyule, anayesema atarudi saa moja na kweli akarudi. Ikiwa hulali, au unapekua simu yake kila siku, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili.

Kupigwa ni jambo jingine. Mtu anaweza kumwogopa mwenzake na bado akamng'ang'ania, kwa sababu hofu humsukuma binadamu kukimbilia kwa aliyemzoea, hata kama ndiye anayemtisha. Kwa hiyo usisubiri mpaka moyo uache kumtaka ndipo uondoke. Nenda kwa ndugu unayemwamini au polisi, au piga 116, namba ya bure ya msaada.