Matumbo ya samaki na molasi: kutengeneza sileji ya samaki bila kuwasha moto

Mbuta (sangara) akishatolewa minofu, zaidi ya nusu ya uzito wake bado iko mezani. Hapa Kisumu sehemu kubwa ya mabaki hayo ina wenyewe tayari. Mgongo wazi, yaani mifupa na nyama inayobaki baada ya minofu, unaenda mtaa wa Obunga kukaangwa, vichwa vinaishia kwenye sufuria, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) yana wanunuzi wao wa bei kali, na mafuta ya tumboni huyeyushwa. Hayo yaache. Kusaga mgongo wazi ili ulishe nguruwe ni kumnyang'anya mtu kitoweo chake. Ninachozungumzia hapa ni kile kisichogombewa: matumbo, matamvua, mapezi, vipande vya ngozi na masalio ya ngege (tilapia) sokoni. Vikitupwa ziwani, nitrojeni na fosforasi yake humlisha gugu maji. Vikiingia kwenye pipa lenye molasi, yaani maji mazito matamu yanayobaki miwa ikitengenezwa sukari, vinakuwa sileji: chakula cha mifugo kilichochachushwa, chenye protini.

Kinachotendeka ndani ya pipa ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Bakteria wa asidi ya laktiki, wale wale wanaochachusha uji na maziwa lala, hula sukari na kutoa asidi inayowazuia bakteria wa uozo. Wakati huo vimeng'enya vilivyomo kwenye matumbo vinaivunja nyama mpaka iwe majimaji. Nyama ya samaki haina sukari ya kutosha kuwalisha bakteria hao, ndiyo maana molasi ni lazima. Na ukisaga mapezi na ngozi bila matumbo, itachacha ndiyo, lakini itachukua muda mrefu mno kulainika.

Anza na molasi, kwa sababu hapo ndipo watu hupunjwa. Molasi nzuri ina uzito wa takriban kilo 1.4 kwa lita. Mtungi wa lita 20 uliojaa unapaswa kuwa na kilo 28 hivi, ukiondoa uzito wa mtungi. Mizani ikikuambia 24, umeuziwa maji, na hesabu yako yote ya sukari imeharibika kabla hujaanza.

Kichachusho kiandae siku mbili mapema: nusu kilo ya unga wa mtama au wimbi katika lita 4 za maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na vijiko vichache vya molasi. Funika, weka mahali penye joto. Kikiwa tayari kina povu na ukali safi wa uji uliochacha. Maji ya bomba yenye klorini yasitumike moja kwa moja, kwani klorini huwaua wale wale unaowafuga.

Kwa kilo 100 za mabaki utahitaji kilo 15 za molasi na lita 4 hadi 5 za kichachusho. Saga kwa mashine ya nyama yenye sahani ya matundu ya milimita 6 hadi 10. Vipande vikubwa vyenye mifupa vikate kwanza kwa panga, la sivyo utaivunja mashine. Kusaga vizuri si urembo: asidi isipofika katikati ya bonge, bonge hilo huoza ndani huku pipa lote likionekana salama. Changanya molasi na kichachusho kwanza, kisha mimina juu ya nyama na ukoroge kwa mti mpaka rangi iwe moja.

Tumia pipa la plastiki la lita 200 lililowahi kubeba chakula, si kemikali. Chuma hakifai, maana asidi hukila, na madini yake huharakisha mafuta kuchacha vibaya. Mchanganyiko utajaza pipa kidogo zaidi ya nusu, na nafasi iliyobaki ni ya povu. Funga kifuniko, toboa tundu, pitisha mpira mwembamba uishie ndani ya chupa ya maji: gesi inatoka, hewa na nzi hawaingii. Pipa lililofungwa kabisa bila njia ya gesi huvimba na linaweza kupasuka. Siku tatu za kwanza fungua mara moja kwa siku, koroga haraka, funga.

Sasa pH, kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi. Usiamini pua. Nunua karatasi za kupimia zinazosoma kati ya 3 na 6, kwa sababu zile za 1 hadi 14 hazitofautishi vizuri 4.2 na 5. Kwa joto la Kisumu, pH inatakiwa kushuka chini ya 4.5 kufikia siku ya tatu, na ikikaa karibu na 4 ni bora zaidi. Ikiwa baada ya saa 48 bado iko juu ya 5, ongeza kilo 5 za molasi na lita 2 za kichachusho, kisha koroga hadi chini. Mara nyingi mkosaji ni mfupa. Kalsiamu iliyomo kwenye mifupa huimeza asidi kadiri inavyozalishwa, hivyo mabaki yenye mifupa mingi huhitaji molasi karibu kilo 20 kwa kila 100. Pipa likitoa harufu ya yai viza, limekwisha. Lizike kwenye mboji, usijaribu kuliokoa.

Na yasifike pipani mabaki yaliyolala juani tangu asubuhi. Asidi huzuia uozo usiendelee, lakini haiondoi sumu ambazo uozo umeshazitengeneza. Mabaki ya saa chache, au yaliyokaa kwenye barafu, ndiyo yanayofaa.

Badala ya molasi na kichachusho, wapo wanaopendelea asidi ya fomiki ya asilimia 85, kilo 3 hadi 3.5 kwa kila kilo 100. Inafanya kazi, na ni ya uhakika kuliko kichachusho. Ila inaunguza ngozi na macho, mvuke wake unakaba, na ni gharama kila unapojaza pipa. Kwa kikundi kilicho karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni au Chemelil, sioni sababu ya kuanza nayo.

Baada ya wiki moja hivi sileji ni nzito kama uji, rangi ya kahawia, na inanukia samaki na uchachu, si uvundo. Engua mafuta yanayoelea. Chuja, mifupa inayobaki ioshe, ikaushe, isage, ina kalsiamu na fosforasi ya kuku. Majimaji changanya na pumba za mahindi, sehemu mbili za majimaji kwa moja ya pumba kwa uzito, tandaza kwenye turubai safi unene usiozidi sentimita 2, na ugeuze mara kwa mara. Kikikauka vizuri utapata chakula chenye protini ya karibu asilimia 20. Pumba zenye ukungu zikatae hata zikiwa za bure, kwani aflatoksini, sumu ya ukungu, haiondolewi na uchachu wala jua.

Kwa kuku wa mayai anza na asilimia 5 ya chakula chote. Ukizidisha, yai litanukia samaki na mteja hatarudi. Nguruwe wanaweza kufika asilimia 10, lakini waachishe wiki tatu kabla ya kuchinjwa kwa sababu hiyo hiyo. Wafugaji wa samaki wasilishe ngege kwa mabaki ya ngege, maana magonjwa hurudi bwawani kwa njia hiyo. Kambare apewe mabaki ya mbuta.