Mafuta ya bangi na mtoto mwenye kifafa: mambo ya kujua kabla ya kununua

Maswali kuhusu bangi kama dawa yameongezeka sana kwenye madirisha ya famasi za hospitali, na wengi wanaouliza ni wazazi wa watoto wenye kifafa. Mzazi ameona video ya mtoto wa Ulaya au Marekani aliyetulia baada ya kupewa matone ya mafuta, naye anataka kujua kama mwanawe atapona vilevile. Mzazi aliyekesha akimshika mtoto anayetikisika ana haki ya kuuliza, na asikemewe. Kama mfamasia, nitajibu kwa kirefu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mmea wa bangi una kanabinoidi, yaani kemikali zake za asili, zaidi ya 100, na kati ya hizo mbili ndizo zinazohusika zaidi na tiba: THC na CBD. THC ndiyo inayolevya: huharakisha mapigo ya moyo, huvuruga kumbukumbu, na kwa baadhi ya watu, hasa vijana, huongeza hatari ya ugonjwa wa akili. CBD hailevyi. THC ilitambuliwa na kutengwa mwaka 1964 na wanasayansi wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni. Miaka ya 1990 ilipoanza, watafiti waligundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanya kazi kama hizo, na kwamba vipokezi vyake, yaani sehemu za chembe zinazozipokea, vimetapakaa kwenye ubongo na kwenye chembe za kinga. Kwa hiyo mmea huu hugusa hamu ya kula, kichefuchefu, maumivu na usingizi kwa pamoja, na ukigusa pengi hivyo hauwezi kukosa madhara.

Dawa zilizopita kwenye majaribio na kusajiliwa ni chache. Dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani walio kwenye tibakemikali, kisha kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda kwa kukosa hamu ya kula. Sativex, ya kupuliza mdomoni, ina THC na CBD. Uingereza iliisajili mwaka 2010 kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, ambao misuli yao hukakamaa. Na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD safi ya kunywa, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut.

Mengine mengi yanayosemwa mitandaoni hayajafika hapo. Kwa ugonjwa wa glakoma, yaani presha ya jicho, bangi huishusha kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo mgonjwa angelazimika kuitumia usiku na mchana ili aokoe macho, ilhali matone ya kawaida ya macho yanafanya kazi hiyo bila kumlevya. Kuhusu maumivu sugu, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilipitia ushahidi na mwaka 2021 ikakataa kuunga mkono matumizi yake ya jumla. Kuhusu kuponya saratani, kilichoonekana ni chembe kufa kwenye vyombo vya maabara. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba inaponya. Mgonjwa aliyeanza tibakemikali au mionzi asiikatishe kwa sababu ya chupa ya mafuta, uvimbe hautamsubiri.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sisi wa hospitali tunaogopa mmea. Hatuogopi. Morfini inatokana na afyuni, nayo ni kati ya dawa zenye huruma kubwa kuliko zote tulizonazo. Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imewapa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya ugonjwa usiopona, morfini ya maji kwa miaka mingi, na mgonjwa anaipima kwa mililita akiwa nyumbani kwake. Lakini hakuna muuguzi anayempa mgonjwa utomvu wa afyuni aulambe. Kilichofanya morfini iwe dawa ni kujua kiasi gani kimo katika kila mililita, kwa maumivu gani, na dalili zipi zinaonyesha kwamba imezidi. Bangi nayo tuipime kwa vigezo hivyohivyo.

Sasa turudi kwa mtoto. Jaribio kubwa la CBD kwa ugonjwa wa Dravet, lililochapishwa mwaka 2017, lilihusisha watoto na vijana 120. Waliopewa CBD walikuwa na wastani wa degedege 12.4 kwa mwezi, zikashuka hadi 5.9. Waliopewa kinywaji kisicho na dawa, cha kulinganishia, walitoka 14.9 hadi 14.1. Huo ni msaada wa kweli kwa familia iliyochoka. Ila soma tena: degedege zilipungua, na ni asilimia 5 tu ya waliopewa CBD waliokaa bila degedege kabisa kwa kipindi cha matibabu. Wote waliendelea na dawa zao za kila siku. Na Dravet ni ugonjwa wa vinasaba. Watoto wengi wa kwetu walipata kifafa kwa njia nyingine: walichelewa kulia walipozaliwa, waliugua malaria ya ubongo, au walipata mayai ya tegu wa nguruwe. Mahenge, mkoani Morogoro, inajulikana kwa miongo mingi kwa wingi wa wagonjwa wa kifafa, na watafiti wanakihusisha kifafa hicho na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi. Matokeo ya Dravet hayawezi kubebwa hivihivi na kuwekwa juu ya mtoto wa Mahenge.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawaifanyi. Katika jaribio lile mtoto alipewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 300 kila siku. Chupa iliyoandikwa miligramu 300 kwa ujumla, ambayo mzazi anaambiwa atumie mwezi mzima kwa matone, ni dozi ya siku moja tu. Na hata maandishi hayo hayaaminiki: watafiti wa Marekani walipopima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba asilimia 31 tu ndizo zilikuwa na kiasi kilichoandikwa, na katika bidhaa 18 walikuta THC. Mtoto mdogo akimeza THC anaweza kulegea, kupoteza fahamu na kupumua kwa shida. Majani yanayochemshwa nyumbani ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna kipimo chochote.

CBD halisi nayo si maji. Huleta usingizi, kuharisha na kukosa hamu ya kula, na huweza kuumiza ini, hasa mtoto akiwa anatumia pia valproate, dawa ya kifafa ambayo watoto wengi wa kliniki zetu wanaitumia. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza CBD mwilini. Kwa mtu mzima anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, CBD inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Upande wa sheria, Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye kundi lenye masharti makali kuliko yote, kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ikabaki chini ya udhibiti wa kimataifa. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya matibabu mwaka 2017, na Rwanda iliridhia kilimo cha kuuza nje mwaka 2020. Leseni hizo hazimruhusu mgonjwa kujitibu. Tanzania, sheria ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuwa nayo na kuitumia.

Linaloniuma zaidi ni hili. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na katika nchi maskini robo tatu yao hawapati matibabu wanayohitaji. Phenobarbital, dawa ya kifafa, ni ya bei nafuu na imetumika zaidi ya miaka 100. Mzazi anauza mbuzi anunue mafuta ya mtandaoni, kumbe mtoto amekuwa akiruka dozi kila dawa ikiisha kituoni, au uzito wake umeongezeka na dozi haijapandishwa tangu alipokuwa na miaka miwili. Kabla ya kutafuta kitu kipya, omba daktari apitie dozi hiyo.

Kama tayari unampa mtoto mafuta hayo, tuambie. Leta chupa yenyewe ili tuisome pamoja. Usiache dawa zake za kifafa ghafla, hata kama unaona mafuta yanamsaidia, maana kuziacha kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege isiyokatika. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa mweusi, mlete siku hiyohiyo. Degedege ikianza, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, na ikipita dakika tano mkimbize hospitali.