Mbunge wa Uingereza hana funguo za gereza

Wengi hudhani kwamba mbunge wa Uingereza, akiombwa na familia ya mfungwa, anaweza kuiamuru mahakama iangalie kesi upya. Hawezi. Jaji hapokei maagizo ya mbunge, na kwa azimio la Bunge lenyewe kesi iliyo mbele ya mahakama kwa kawaida haijadiliwi ukumbini. Silaha ya mbunge ni swali: humwandikia waziri, humbana ukumbini, na majibu huingia katika kumbukumbu rasmi.

Swali hilo lisidharauliwe. James Arbuthnot, aliyekuwa mbunge wa North East Hampshire, alijiwa na mwendesha ofisi ya posta ya kijijini ambaye alitiwa hatiani kwa sababu kompyuta za Horizon, mfumo wa hesabu wa shirika la posta, zilionyesha upungufu wa fedha ambazo hakuzichukua. Wabunge wengine nao walikuwa na watu wa aina hiyo majimboni, baadhi yao wakiwa wamefungwa, na kilichoonekana kuwa lalamiko la kijiji kimoja kikawa kashfa ya taifa. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria iliyofuta mamia ya hukumu hizo kwa mkupuo. Kwa hiyo hata usemi kwamba Bunge haligusi hukumu si kweli tupu: mbunge mmoja hawezi, Bunge zima linaweza, ingawa kwa maoni yangu ni dawa kali isiyofaa kuzoeleka.

Dhana nyingine ni kwamba sheria mbaya ikishafutwa, madhara yake hukoma. Kifungo kisicho na ukomo cha kulinda umma, yaani kisicho na tarehe ya kutoka, kilichotokana na sheria ya 2003, kilifutwa mwaka 2012, lakini waliokwisha kuhukumiwa walibaki nacho. Kamati ya Sheria ya Bunge, chini ya Bob Neill, ilipendekeza mwaka 2022 kwamba wote wahukumiwe upya, serikali ilikataa. Kilichopatikana mwaka 2024 ni nusu shari: muda wa kungoja kabla ya masharti ya walioachiwa kufikiriwa kuondolewa ulipunguzwa kutoka miaka 10 hadi 3.

Wapo pia wanaoamini kwamba asiyepiga kura hana mbunge. Wafungwa wengi wanaotumikia kifungo hawapigi kura, mahabusu wanaruhusiwa, lakini wote wanaweza kumwandikia mbunge wao, na kwa kawaida barua hizo hazifunguliwi na askari. Mwaka 2014 Waziri wa Sheria, Chris Grayling, alilazimika kuliomba radhi Bunge baada ya kubainika kwamba baadhi ya simu za wafungwa kwa wabunge zilikuwa zimerekodiwa.

Na mbunge wa Glasgow, Scotland, anayeketi katika Bunge la London hana hata waziri wa kumuuliza huko kuhusu gereza la Barlinnie, kwa kuwa magereza ya Scotland yako chini ya serikali ya Edinburgh.