Natega hewa Mabayani

“Mwanangu, huo mtego wa samaki gani?” Mzee mmoja aliyekuwa akivua perege aliniuliza hivyo, baada ya kuitikia shikamoo yangu, siku ya kwanza niliposhusha faneli katika bwawa la Mabayani, mdomo mpana ukielekea chini na chupa ikiwa imefungwa juu. Nikamwambia, “Natega hewa, mzee.” Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Kisha akanipeleka penyewe: pale Mto Zigi unapoingia bwawani, ukichoma upondo kwenye tope viputo hupanda kama chungu kilichotokota.

Alijua mahali bila kuambiwa sababu. Zigi hushuka kutoka Usambara Mashariki, upande wa Amani, na maji yake ndiyo tunayokunywa Tanga mjini. Huja na majani na udongo wa mashambani. Ukifika bwawani mwendo hupoa, na mzigo wote huo hutuama mlangoni. Ndani ya tope hamna oksijeni. Vijidudu vya humo huozesha mabaki na kutoa gesi iitwayo methani, ndiyo hewa ninayotega. Mwanasayansi Alessandro Volta aliinasa mwaka 1776 kwa kukoroga tope pembezoni mwa Ziwa Maggiore, Italia. Tangu hapo hatujaendelea sana.

Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia karibu mara 28 ya kilo ya kaboni dioksidi. Bahati nzuri, ile iliyoyeyuka majini hupanda taratibu, na bakteria wa tabaka lenye oksijeni huila nyingi njiani. Kiputo ndicho mkorofi. Penye kina kifupi huchomoka na kupasuka juu kabla hakijaliwa. Wakati wa kiangazi maji yakishuka, ule uzito uliokuwa ukilikandamiza tope hupungua, na chupa zangu hujaa upesi.

Halafu kuna joto. Uchambuzi wa vipimo uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa methani inayotoka kwenye nyuzi 30 ni mara 57 ya ile ya nyuzi sifuri. Wenzetu wa nchi za baridi wana miezi ya barafu ya kupumzika. Tope letu halina likizo. Tena maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, huelea juu ya yale baridi ya chini, na oksijeni haishuki. Ziwa Tanganyika limeshapata joto kiasi hicho, na hata upepo wa kusi siku hizi unalichanganya kwa shida.

Nikieleza haya, huulizwa kama bwawa libomolewe. Tunywe nini? Mimi natazama huko juu: mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, na wanaochimba dhahabu ndani yake. Udongo wao naukuta kwenye tope langu.

Wiki ijayo nashusha faneli ya pili karibu na ukuta wa bwawa, kwenye kina kirefu. Mzee ameshanitabiria kwamba huko nitaambulia patupu, nami nadhani kasema kweli.