Scorsese na Mauaji ya Waosage: Teuzi Nyingi, Sanamu Chache

Naandika haya mwanzoni mwa Oktoba 2023: tarehe 20 mwezi huu filamu mpya ya Martin Scorsese, Killers of the Flower Moon, kuhusu mauaji ya Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, inaingia kwenye majumba ya sinema. Tangu ilipooneshwa kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei, nje ya mashindano, naulizwa swali moja na kila anayejua kwamba nafuatilia tuzo: je, safari hii mzee atabeba Oscar? Jibu fupi ni kwamba filamu itateuliwa kila kona na mzee atatoka kapa. Jibu refu ndilo hili, na ndani yake kuna mtu mmoja ambaye nampigia upatu kuliko mzee mwenyewe. Kazi yangu ni kuhariri filamu, kwa hiyo mtanivumilia nitakapofika kwenye meza ya uhariri.

Tuanze na rekodi, maana husahaulika haraka. Mpaka naandika haya Scorsese ameteuliwa mara 9 kuwania tuzo ya mwongozaji bora na ameshinda mara 1 tu, Februari 2007, kwa The Departed. Usiku ule ule Forest Whitaker alichukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kumwigiza Idi Amin, na nadhani huku kwetu ndio ushindi unaokumbukwa zaidi. Sasa tazama: The Departed ni hadithi ya kubuni, iliyotengenezwa upya kutoka filamu ya Hong Kong. Visa vyake vya kweli vya uhalifu vina bahati nyingine kabisa. Goodfellas, maisha ya jambazi Henry Hill: teuzi 6, sanamu (yaani Oscar) 1, ya Joe Pesci. Casino: uteuzi 1 wa Sharon Stone, basi. The Wolf of Wall Street: teuzi 5, sanamu sifuri. The Irishman: teuzi 10, sifuri. Ukiweka na Gangs of New York, ambayo imechanganya historia na ubunifu, ni kumi bila nyingine. Raging Bull na The Aviator zilipata sanamu, kweli, na zote ni maisha ya watu halisi, lakini mmoja ni bondia na mwingine ni tajiri wa ndege. Humo hamna genge linaloua kwa ajili ya fedha.

Wapo wanaosema Akademi, chombo kinachotoa Oscar, haipendi damu. Sikubali. The Departed ina risasi za kichwa mpaka ndani ya lifti, na ilipewa sanamu 4, ikiwemo ya filamu bora. Mimi naona tatizo liko kwenye kiti ambacho mwongozaji anakukalisha. Visa vya kweli vilivyoshinda filamu bora katika miaka hii kumi na kidogo, kama Argo, 12 Years a Slave na Spotlight, vyote vinakupa mtu wa kusimama naye: jasusi anayewatorosha Wamarekani wenzake kutoka Tehran, mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani na anayetafuta njia ya kurudi kwa wanawe, waandishi wa habari wanaofichua maovu ya mapadri wa Boston. Unatoka ukumbini umechoka lakini moyo umetulia. Scorsese hakupi mtu huyo. Anakuketisha na mhalifu, anakuchekesha kwa utani wake, anakuonesha raha zake, na ukija kuzinduka umeshakuwa shahidi asiyesema kitu kwa saa tatu. Mimi naona huo ndio ukweli kuhusu uhalifu. Mpiga kura anayetaka kuondoka na faraja haoni hivyo.

Kisa chenyewe cha safari hii kinahitaji maelezo, kwa sababu bila kukijua huwezi kupima ugumu wa kazi aliyojitwisha. Waosage walisukumwa kutoka ardhi moja hadi nyingine, na katika miaka ya 1870 wakanunua eneo lenye mawe huko ambako sasa ni Oklahoma, wakiamini hakuna mzungu atakayelitamani. Chini yake kukakutwa mafuta. Sheria ya mwaka 1906 iligawa ardhi ya juu kwa mtu mmoja mmoja, lakini madini ya chini yakabaki mali ya kabila zima, na kila mmoja kati ya watu 2,229 walioandikishwa akawa na fungu lake la mapato. Fungu hilo halikuuzika. Lilirithiwa tu. Hapo ndipo hatari ilipozaliwa: asiye Mosage hakuweza kulinunua, ila aliweza kuoa ndani ya familia na kungoja mtu afe, au kumsaidia afe.

Mwaka 1923 peke yake kabila lilipata zaidi ya dola milioni 30. Serikali ikawawekea wengi wao wasimamizi wazungu, kwa madai kwamba hawawezi kujitunzia fedha zao wenyewe, na wasimamizi hao wakaiba wapendavyo. Mollie Burkhart alikuwa mmoja wa waliokuwa chini ya msimamizi. Dada yake Minnie alifariki mwaka 1918 kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuweza kuueleza. Anna alipigwa risasi Mei 1921. Miezi miwili baadaye mama yao, Lizzie, naye akafa. Machi 1923 nyumba ya dada mwingine, Rita, ililipuliwa usiku, naye akafa pamoja na mumewe na msichana wa kazi. Kila kifo kilisogeza mafungu ya mapato kuelekea kwa Mollie, na Mollie mwenyewe, aliyekuwa na kisukari, alikuwa akidhoofika kwa sumu. Mumewe, Ernest Burkhart, alikuwa mpwa wa William Hale, mfuga ng'ombe aliyejiita rafiki wa Waosage na ambaye watu walimwita Mfalme wa Vilima vya Osage. Mjomba anayempangia mpwa ndoa huku jicho lake liko kwenye urithi: msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi.

Hale alitiwa hatiani mwaka 1929, akafungwa maisha, na mwaka 1947 akaachiwa kwa msamaha wa masharti. Ernest alikuja kusamehewa kabisa katika miaka ya 1960. Hesabu ya waliouawa inayotajwa rasmi ni watu 24 au zaidi kidogo, na David Grann, ambaye kitabu chake cha mwaka 2017 ndicho kilichozaa filamu, anaonesha kwamba idadi halisi lazima iwe kubwa kuliko hiyo.

Grann ameandika kitabu chake kama upelelezi. Unasoma kurasa nyingi bila kujua mhusika mkuu wa uovu ni nani, kisha anaingia Tom White, afisa wa idara iliyokuja kuitwa FBI, na fundo linaanza kufunguka. Skripti ya kwanza ya Eric Roth na Scorsese ilifuata njia hiyo, na Leonardo DiCaprio alikuwa aigize nafasi ya White. Kama wangebaki hapo, leo ningekuwa naandika makala tofauti. Mpelelezi mwaminifu, kesi inayofumbuliwa, mahakama, hukumu: hiyo ni filamu ambayo Akademi inaijua kwa macho yaliyofumbwa. Lakini baada ya kukaa na Waosage wenyewe, Scorsese aliipindua. DiCaprio akahamia kwa Ernest, nafasi ya White ikaenda kwa Jesse Plemons, na kiini kikawa ndoa ya Ernest na Mollie. Fumbo likaondolewa. Tangu mwanzo utajua nani anaua, na utatazama chakula cha jioni ukijua.

Kisanaa naona ni uamuzi wa kijasiri, wa mtu ambaye Novemba hii anatimiza miaka 81 na hana tena wa kumfurahisha. Kwa upande wa tuzo ameuza faraja yote iliyokuwemo.

Hapa ndipo kanuni za kura zinapoingia, na watu wengi wanaobishana mitandaoni hawazijui. Filamu bora haipatikani kwa kuhesabu nani kapendwa zaidi. Kila mwanachama anazipanga filamu 10 zilizoteuliwa kwa mfuatano, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kama hakuna filamu iliyopata zaidi ya nusu ya nafasi za kwanza, iliyo chini kabisa inaondolewa, na karatasi zake zinahamishiwa kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Hivyo hivyo mpaka moja ivuke nusu. Matokeo yake ni kwamba filamu inayoabudiwa na theluthi moja na kuwekwa ya nane na wengine inakwama mapema, huku filamu iliyopangwa ya pili na ya tatu na kila mtu ikiipita taratibu. Filamu ya dakika 206, ya polepole, inayokunyima shujaa, hupata watu wanaoiweka ya kwanza na watu wanaoiweka chini kabisa. Wa katikati ni wachache.

Mwongozaji bora, kwa upande wake, huchaguliwa kwa wingi wa kawaida wa kura, lakini uteuzi wenyewe hufanywa na waongozaji tu. Hawa wanamheshimu Scorsese kuliko mtu yeyote aliye hai. Februari 2020 Bong Joon-ho alipopokea tuzo hiyo alimtaja Scorsese kama mtu ambaye filamu zake alizisoma shuleni, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi mzee ambaye The Irishman yake ilikuwa inaelekea kuondoka bila kitu. Kwa hiyo uteuzi nauona ni wa hakika, na utavunja rekodi ya John Huston, aliyeteuliwa akiwa na miaka 79. Ushindi ni habari nyingine. Clint Eastwood ndiye mwongozaji mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kushinda, alikuwa na miaka 74, na mshangao ni kwamba mmoja wa waliobwagwa naye usiku huo alikuwa Scorsese. Safari hii mbele yake yupo Christopher Nolan na Oppenheimer, filamu ya saa 3 iliyojaza kumbi dunia nzima tangu Julai, na mpaka naandika haya Nolan hajawahi kushinda hata mara moja. Deni la Akademi kwa Nolan sasa linaonekana kubwa kuliko deni lao kwa Scorsese.

Mtu ninayemtazama mimi ni Lily Gladstone, anayeigiza nafasi ya Mollie. Amekulia katika hifadhi ya Blackfeet huko Montana, na mpaka sasa, Oktoba 2023, hakuna mwanamke mwenyeji wa asili wa Marekani aliyewahi kuteuliwa kuwania mwigizaji bora wa kike. Kumbuka kwamba Machi 1991 Goodfellas ilishindwa na Dances with Wolves, filamu kuhusu Walakota inayosimuliwa kwa jicho la askari mzungu. Sasa Scorsese huyo huyo ameleta kisa cha wenyeji, na Mollie ndiye anayevunja kanuni niliyoieleza juu. Kwa mara ya kwanza katika visa vyake vya kweli vya uhalifu, ndani ya nyumba ya mhalifu yumo mtu wa kusimama naye. Faraja aliyomnyima mtazamaji kwa kumsogeza White pembeni, kama ipo popote, ipo usoni mwa mwanamke huyu. Mpiga kura anayetaka kuipa filamu kitu bila kujitwika uzito wake wote ataandika jina lake.

Mwezi uliopita ilitangazwa kwamba atawania kama mwigizaji mkuu, wala si msaidizi. Wengi niliozungumza nao waliona ni kosa, kwa hoja kwamba kwenye kipengele cha msaidizi angepita bila jasho. Hoja hiyo ina msingi. Lupita Nyong'o alishinda mwaka 2014 kama msaidizi, ingawa maumivu ya 12 Years a Slave yanabebwa naye kwa kiasi kikubwa. Lakini nakubaliana na uamuzi huo. Kumweka Mollie msaidizi katika filamu kuhusu mauaji ya ndugu zake ni kurudia alichofanya Hale. Tena waigizaji wanaoteua hawafungwi na kampeni. LaKeith Stanfield alipigiwa debe kama mkuu mwaka 2021 akaishia kuteuliwa kama msaidizi. Mpinzani wa kuogopa ni Emma Stone, ambaye filamu yake Poor Things imetoka kwenye tamasha la Venice na tuzo kuu, Simba wa Dhahabu, na ni nafasi ya kelele na mbwembwe, ya aina inayoonekana kutoka siti ya nyuma. Gladstone anaigiza kwa kunyamaza.

Kikwazo kingine ni mgomo wa Hollywood. Waandishi wa skripti wamemaliza wao tarehe 27 Septemba, lakini waigizaji wako nje tangu katikati ya Julai na hawaruhusiwi kunadi filamu. DiCaprio na Robert De Niro hawaumii, dunia inawajua. Gladstone ndiye aliyehitaji miezi hii ya mahojiano na majarida, na kila wiki ya mgomo inamgharimu yeye zaidi.

Sasa meza ya uhariri. Mhariri Thelma Schoonmaker mpaka sasa ana sanamu 3, zote kwa filamu za Scorsese, na ana teuzi 8, sawa na Michael Kahn, mhariri wa Spielberg. Akiteuliwa tena atakuwa peke yake juu. Watu watalalamikia urefu, na nawaomba wasimlaumu yeye kabla hawajatazama jinsi anavyoacha picha ikae sekunde mbili zaidi ya ilivyotarajiwa. Kwenye kisa kama hiki sekunde hizo ndizo sumu yenyewe. Jack Fisk, aliyejenga mji wa kwenye filamu, mpaka sasa ameteuliwa mara 2 bila kushinda. Rodrigo Prieto ndiye aliyepiga picha za filamu hii na ndiye huyo huyo aliyepiga Barbie, mwaka mmoja, jambo ambalo bado linanichekesha. Robbie Robertson, aliyetunga muziki, alifariki Agosti 9. Mama yake alikuwa mwenyeji wa asili wa Kanada, na uteuzi huu ungekuwa wa kwanza kwake.

Basi naweka utabiri wangu hadharani. Teuzi zitafika 10 au zaidi: filamu bora, mwongozaji, Gladstone, De Niro kama msaidizi, na karibu vipengele vyote vya ufundi. DiCaprio yuko hatarini, maana Ernest ni mjinga na mwoga, na wapiga kura hupenda waovu wenye akili. Sanamu ni 1, ya Gladstone, na hata hiyo siwekei rehani nyumba. Apple, waliotoa fedha, tayari walishashinda filamu bora mwaka 2022 kwa CODA, filamu ndogo yenye faraja tele. Hii inatajwa kuwagharimu dola milioni 200. Teuzi zitatangazwa Januari 23, na sherehe ni Machi 10, 2024. Kwa sasa, atakayekwenda ukumbini tarehe 20 aende amekula na amepumzika, kwa sababu mapumziko ya katikati hayamo.